Guts ananichosha, niendelee? Maswali yenu kuhusu manga za giza

Niliposema mwezi uliopita kwamba manga nyingi za giza hazitishi, zinachosha tu, sikujua nimechokoza mzinga wa nyuki. Ujumbe umekuja wa kila namna. Wengine mmenitukana kwa adabu, wengine bila adabu, na wachache mmeuliza maswali ya maana. Leo nawajibu hao wa maana.

Kwa asiyejua mambo haya: ninaposema manga za giza ninazungumzia zile hadithi za Kijapani za kuchorwa ambamo mtu mwema anaweza kufa mapema na mwovu akalala usingizi mnono. Nitatoboa siri za hadithi kadhaa humu ndani. Kama bado hujasoma Berserk, Monster au Chainsaw Man na hupendi kutobolewa, ruka majibu yake.

Kaka, nimesoma juzuu mbili za Berserk kwa sababu kila mtu anaisifia. Guts anaua, anatukana, hata yule kiumbe mdogo mwenye mabawa anayemfuata anambeza. Simpendi hata kidogo. Niendelee au nimwache? (Msomaji, Morogoro)

Endelea, ila usijilazimishe kumpenda. Hapo ulipo hata mimi sikumpenda. Mtu mwenye jicho moja, mkono wa chuma na upanga mkubwa kuliko mlango, anaingia mjini, anaacha maiti, anaondoka. Kama hadithi nzima ingekuwa hivyo ningekwambia uitupe.

Ila fika mwisho wa mkasa wa yule Kabaila, kwenye juzuu la tatu. Kuna binti anaitwa Theresia ambaye amempoteza baba yake mbele ya macho yake. Guts anamsemea maneno makali mpaka yule mtoto anaapa kumuua siku moja. Kisha Guts anampa mgongo na kuondoka, na Puck, huyo mwenye mabawa, anauona uso ambao Theresia hauoni. Guts analia. Hakuna maelezo wala monologia. Kentaro Miura, mwandishi na mchoraji wake, kakuonyesha kwamba ukatili wa juzuu tatu zote ulikuwa gamba, na kakuonyesha kwa fremu chache tu, kisha akaendelea na safari.

Kutoka hapo inaanza mbinu rejeshi ndefu kuliko nyingine yoyote ninayoijua: karibu juzuu kumi na moja za kurudi nyuma, tangu Guts alipozaliwa na maiti ya mama aliyenyongwa, akalelewa na mamluki, hadi akaingia kwenye kikosi cha Mwewe cha Griffith. Na hapa ndipo ninapowashangaa wanaosema Miura angeanzia utotoni ili hadithi inyooke. Angefanya hivyo angejikata mguu mwenyewe. Wewe tayari umemwona Guts akiwa hana jicho, hana mkono, hana rafiki. Kwa hiyo kila anapocheka na wenzake kambini unajiuliza: hawa wote wako wapi sasa? Kuna usiku baada ya pambano la Guts peke yake dhidi ya watu mia. Amekaa na Casca, mwenzake kikosini, mlimani wakitazama mioto ya kambi chini, akisema kila moto ni ndoto ya mtu mmoja. Ni mazungumzo tu, hakuna upanga unaochomolewa. Ukisoma kwa mpangilio wa Miura, sura hiyo tulivu inauma kuliko vita vyote vilivyoitangulia.

Ndiyo maana naomba mniache na msimamo wangu wa mwezi uliopita. Damu peke yake haimtishi mtu. Kinachotisha ni damu ya mtu ambaye umekaa naye kwenye moto.

Niaje. Sawa, hiyo enzi ya kikosi cha Mwewe ni moto. Lakini kubali tu kwamba baadaye Berserk ilizubaa. Ile safari ya meli! Watu walizeeka wakiwa melini. (Msomaji, Nairobi)

Nakubali nusu.

Kila hadithi ya mfululizo ina saa mbili. Kuna saa ya kusoma na kuna saa ya kusubiri. Waliokua wakisoma hadithi za magazetini wanaijua hiyo ya pili: unafika mahali mlango unagongwa usiku wa manane, chini yake kumeandikwa ITAENDELEA, na wiki nzima unatembea na ule mlango kichwani. Mwandishi mjanja aliujua mchezo huo. Kuna mmoja aliyekuwa akinitesa nikiwa darasa la sita. Alimwacha mhusika wake ndani ya kisima kwa toleo tatu mfululizo huku akitusimulia habari za shamba la mjomba. Nikamchukia. Miaka baadaye nikapata hadithi ile yote kwa mkupuo mmoja, na lile shamba likawa sehemu nzuri kuliko zote.

Meli ya Berserk ni kama hilo shamba. Hadithi ilianza 1989, ikahamia jarida la Young Animal lilipoanzishwa 1992, na kadiri miaka ilivyosogea Miura alichora polepole zaidi, kwa mistari midogo midogo unayoweza kuitazama kwa kioo cha kukuzia. Sura zikawa zinakuja kwa kusuasua, mara nyingine ukimya wa miezi mingi. Aliyesubiri kwa saa ya pili alikaa melini miaka. Anayeanza leo anamaliza safari ile kwa siku mbili na kusema, mbona ni fupi tu?

Nusu ninayokubali: hata kwa saa ya kusoma, kuna wahusika kwenye kundi la Guts waliogeuka vichekesho. Isidro ana jambo moja la kufanya na analifanya mara mia. Hapo kasi haikuwa tatizo. Tatizo ni kwamba tulikaa muda mrefu na watu ambao hawakuwa na jipya la kutuonyesha.

Miura alifariki Mei 2021 akiwa na miaka 54. Tangu 2022 wanafunzi wake wa Studio Gaga wanaendelea kuchora chini ya usimamizi wa Kouji Mori, rafiki yake wa tangu shuleni ambaye aliwahi kusimuliwa hadithi nzima. Sura za sasa zinakwenda mbio, maneno machache, mambo makubwa yanatokea haraka. Silaumu. Mori alisema wazi kwamba ataandika yale tu aliyoambiwa na rafiki yake. Na mtu ukisimuliwa hadithi na rafiki, unakumbuka matukio. Mioto ya kambini haisimuliwi.

Shikamoo mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, tunasoma uhakiki. Mwalimu anasema mhusika bapa ni yule asiyebadilika. Je, daktari Tenma wa Monster ni bapa? Na kwa nini hadithi inamwacha sura nzima na kutuletea watu tusiowajua? (Msomaji, Iringa)

Marahaba. Swali lako limenifurahisha kuliko yote, na naomba usimwonyeshe mwalimu jibu langu.

Kwa kipimo cha darasani, Kenzo Tenma anakaribia ubapa. Mwaka 1986, mjini Düsseldorf, daktari huyu wa upasuaji wa ubongo anakataa amri ya wakubwa wake ya kwenda kumtibu meya, anabaki na mtoto aliyepigwa risasi kichwani. Mtoto anapona. Miaka tisa baadaye Tenma anagundua kwamba amemwokoa muuaji, Johan, na anaingia barabarani kumtafuta ili arekebishe kosa lake kwa bunduki. Juzuu 18 baadaye bado ni yule yule: akimwona mgonjwa njiani, anasimama.

Lakini Naoki Urasawa, mwandishi wake, hamwachi Tenma kwa uvivu. Anabadilisha watu wanaomzunguka. Mfikirie Tenma kama mwamba mtoni: mwamba haubadiliki, ila ukitaka kujua nguvu ya maji unatazama yanavyopasuka pale. Inspekta Lunge, yule mpelelezi anayetikisa vidole hewani kana kwamba anachapa mashine ili akariri kila neno, anaanza akiwa na hakika kwamba Tenma ndiye muuaji. Hakika hiyo inamgharimu familia na kazi, na mabadiliko yake yanachukua hadithi nzima. Kisha yuko Grimmer, mrefu, mwenye tabasamu la kirafiki. Baadaye unajua kwamba alilelewa kwenye kituo cha watoto cha Ujerumani Mashariki kilichomfuta hisia, na tabasamu lile alijifunza, kama mtu anavyojifunza kufunga tai. Mwanawe alipofariki hakuweza kulia. Urasawa anakupa Grimmer kwa utulivu kabisa, chai, mikate, mazungumzo ya garini, na unapofika anapofia ndipo huzuni ya mwanawe inamfikia. Jaribu kuyakata mazungumzo ya garini uone kama mwisho ule utabaki na nguvu.

Wale watu tusiowajua wana kazi nyingine pia. Johan hatokei mara nyingi. Tunamwona kupitia waliokutana naye: mlevi, mwanafunzi, mzee tajiri kipofu maktabani. Ni kama jini ambalo kijiji kizima kinalisimulia na hakuna aliyewahi kulipiga picha. Angetokea kila sura angekuwa kijana mzuri wa sura tu.

Nina lawama moja. Theluthi ya mwisho ina watu wengi mno wenye utoto uliofichwa, na bahati inawakutanisha stesheni kila wanapohitajika. Hadithi hii ilitoka kwa miaka saba katika jarida la Big Comic Original, na mahali pengine unahisi mwandishi akivuta kamba ili ifike.

Mbona Chainsaw Man inaua watu kabla hatujawazoea? Tulikua tukijua steringi hafi! (Msomaji, Tanga)

Steringi hafi, kweli, hiyo ndiyo sheria ya kibanda umiza. Denji, steringi wa Chainsaw Man, kavunja sheria hiyo sura ya kwanza: anakufa, anatupwa kwenye pipa la taka, anafufuka na msumeno kichwani.

Ila siafiki kwamba hatuwazoei. Tatsuki Fujimoto alimaliza sehemu ya kwanza kwa sura 97, kati ya mwisho wa 2018 na mwisho wa 2020, ndani ya jarida la Shonen Jump ambako kila wiki una kurasa kama ishirini tu na wasomaji wanapiga kura nani wanampenda. Hana nafasi ya mioto ya kambini. Kwa hiyo anafanya ujanja: anampa kila mhusika hamu ndogo sana. Denji hataki kuwa mfalme wa chochote. Anataka mkate wenye jamu. Ameishi kibandani akilipa deni la baba yake kwa magenge, hadi figo kauza, na ndoto yake kubwa ni jamu. Hiyo unaielewa kwa fremu mbili, haihitaji juzuu.

Aki naye, mwenzake Denji kazini. Anaamka mapema, anachemsha kahawa, anasoma gazeti kibarazani. Kurasa chache za mtu asiyefanya lolote. Kisha wale wawili wachafu, Denji na Power, wanahamia kwake na asubuhi zake zinaharibika, na kabla hujatambua hiyo imekuwa familia. Alipofika mwisho wake, Fujimoto alikuwa ameshaweka akiba: mdogo wake Aki aliyetaka wacheze kwenye theluji siku ile nyumba yao ilipofagiliwa. Pigano la mwisho la Aki na Denji mitaani ni la kutisha, lakini ndani ya kichwa cha Aki ni watoto wanarushiana theluji. Akiba ya kurasa kumi inalipa deni la sura nzima. Mimi niliisoma kwenye daladala na nikapitiliza kituo.

Sasa linganisha na Death Note, ile ya daftari linalomuua kila anayeandikwa jina humo, ambayo najua mtanirushia mawe. Sura 108, zilitoka 2003 hadi 2006, na kasi yake kwa nusu ya kwanza ni ya ajabu: watu wawili wanakaa, wanafikiri, na moyo unadunda. L, mpelelezi anayemsaka mwenye daftari, anakaa kama chura, anakula keki, na unamjua. Anauawa sura ya 58. Baada ya hapo mwendo ni ule ule, mitego ni mikali vile vile, lakini warithi wa L, Near na Mello, ni kama wamegawana mali ya marehemu. Mmoja kachukua akili, mwingine kachukua peremende. Taharuki ipo. Mtu wa kumwonea taharuki ndiye hayupo.

Ni lazima adui awe na historia ya huzuni? (Msomaji, Kigali)

Hapana, na ningependa tupumzike na hizo historia. Siku hizi adui akipigwa tu, kabla hajaanguka, tunarudishwa utotoni mwake. Griffith wa Berserk anatisha kwa sababu tulimwona akiamua kuwatoa wenzake kafara, na alikuwa na njia nyingine. Makima, bosi wa Denji kwenye Chainsaw Man, anatisha kwa sababu hatumjui na yeye anamjua kila mtu.

Tokyo Ghoul ilianza vizuri, mwisho ukawa kama mtu anayekimbilia basi. Niko peke yangu? (Msomaji, Mombasa)

Hauko peke yako. Juzuu 14 za mwanzo zina mtu mmoja ambaye hatutoki naye: Kaneki, mpenda vitabu anayegeuka mla watu na anachukia kinachomtia njaa. Hata pale anapoteswa na kulazimishwa kuhesabu kwa kutoa saba saba kutoka elfu moja, tuko ndani ya kichwa chake. Sehemu ya pili, Tokyo Ghoul:re, ni juzuu 16, na kila juzuu inaleta majina mapya, vikosi vipya, vinyago vipya. Sui Ishida anachora vizuri kupita kiasi, hilo halina ubishi. Lakini kufikia mwisho nilikuwa narudi nyuma kila kurasa tano kuuliza huyu aliyekufa ni nani. Vifo vinavyohitaji orodha ya majina havimlizi mtu.

Mwandishi, mimi ni mzazi. Mwanangu ana miaka 13 na anasoma hizi katuni kwenye simu usiku. Nilichungulia nikaona mambo ya ajabu. Nimzuie? (Mama, Dodoma)

Mama, neno katuni ndilo linalotudanganya. Kwa Wajapani majarida ya manga yamegawanywa kwa umri: shonen ni ya wavulana, seinen ni ya vijana wakubwa na watu wazima. Berserk ni seinen na ina ubakaji uliochorwa waziwazi. Mtoto wa miaka 13 asiisome, na hapo sina maneno mawili. Monster nayo ni ya wakubwa, ingawa haina uchafu mwingi. Tatizo ni kwamba mpaka wenyewe unavuja. Chainsaw Man ilitoka kwenye jarida la wavulana na ina damu ya kutosha kujaza ndoo. Matoleo ya Kiingereza yaliyochapishwa rasmi huwa na alama ya umri kwenye jalada, na yale ya kunakiliwa mtandaoni hayana.

Ningeanza kwa kumuuliza ni mhusika gani asingependa afe. Akikuelezea kwa dakika kumi, huyo anasoma. Akikuonyesha picha za viungo vilivyokatwa na kucheka, kaa naye. Na simu usiku, mama, hiyo ni vita nyingine. Hata mimi nimeshindwa nyumbani kwangu.

Ninachora hadithi yangu ya kwanza, ya mauaji kijijini. Rafiki zangu wanasema inaenda polepole. Nitajuaje kama ni polepole nzuri au mbaya? (Msomaji, Mwanza)

Tafuta Chi no Wadachi ya Shuzo Oshimi, ile inayojulikana kwa Kiingereza kama Blood on the Tracks. Juzuu 17, kutoka 2017 hadi 2023, kuhusu mvulana na mama yake anayempenda kwa namna inayosonga koo. Juzuu la kwanza, familia inakwenda kupanda mlima. Kuna binamu msumbufu. Kuna ukingo wa bonde. Mama anamsukuma. Katika maisha halisi hilo ni jambo la sekunde mbili. Oshimi analinyoosha kurasa kwa kurasa: jicho, upepo kwenye nywele, mkono, jicho tena. Karibu hakuna maneno. Ukisoma unataka kumpigia kelele aendelee, na unaogopa aendelee.

Polepole hiyo ni nzuri kwa sababu kila fremu inabadilisha kidogo unachokijua kuhusu mama. Uso unatabasamu, kisha tabasamu linabaki na macho yanaondoka. Chukua kurasa zako, weka karatasi juu ya fremu moja, soma upya. Kama hakuna kilichopotea kuhusu mtu yeyote, ifute. Fanya hivyo hasa kwa zile fremu za anga, miti na mwezi; wachoraji wapya tunapenda mwezi mno.

Jambo jingine ambalo rafiki zako pengine hawakulisema. Kitabu cha Kijapani kinasomwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mchoraji huficha pigo lake nyuma ya kugeuza ukurasa: fremu ya mwisho kushoto mlango unafunguka, unageuza, ndipo unaona. Kwenye simu mchezo huo unakufa nusu, kwa sababu msomaji anapata ukurasa mmoja mmoja na zile picha za kurasa mbili zinakatika katikati au zinakuwa ndogo kama stempu. Wasomaji wako wa Mwanza watasoma kwa simu. Amua mapema unachora kwa ajili ya kidole gumba au kwa ajili ya karatasi.

Na muuaji wako, usimwonyeshe bado. Kwanza nionyeshe nani kijijini anauza vitumbua asubuhi, na nani humkopa.